Ng'ombe Hawahesabiwi

Mume wangu ni dereva wa watalii hapa Karatu. Masika yakiingia na wageni wakikatika, hukaa sebuleni na kompyuta yake akicheza michezo ya kutisha. Si ile mikubwa inayojulikana dunia nzima. Yeye anapenda ile ya kuiga, ya mtu mmoja aliyejifungia chumbani kwake huko aliko, akacheza mchezo uliovuma na kuona na yeye anaweza kutengeneza wake. Nyumba mbovu, tochi inayoishiwa betri, vitu vinane vya kuokota, na kitu kinakuja nyuma yako. Nimeitazama mingi, na naapa yote ni watoto wa baba mmoja.

Mimi ni fundi cherehani, na mdomo wangu haujui kupumzika. Alipotangaza kwamba anatengeneza wa kwake, nilimwambia mwiga tembo hupasuka msamba. Akacheka tu, akavuta pazia saa sita mchana apate giza, mpaka jirani akaja kuuliza nani anaumwa.

Ila nilikuwa mnafiki, na nilijua. Wateja huniletea picha kwenye simu: mama, nishonee kama hii. Sijawahi kubuni gauni maishani mwangu. Ninachojua ni kupima, maana bega la mwanamke wa Rhotia aliyelima mahindi tangu utoto si bega la yule wa kwenye picha. Nikaanza kuitazama michezo ile kwa jicho hilo. Mmoja, wa kuigwa mwanzo mwisho, ulikuwa na jiko lenye sufuria iliyofunikwa kwa kifuniko kisicho chake. Fundi wake alikuwa ameiga kila kitu, lakini jikoni aliweka sufuria ya kwao. Nilimpenda mtu huyo nisiyemjua.

Wa mume wangu ulikuwa boma tupu kwenye ukungu wa ukingoni mwa kreta, ng'ombe wanane waliotawanyika, na fisi usiyemwona. Unamtafuta ng'ombe mmoja mmoja na kumrudisha zizini. Nyayo aliziiga, tochi aliiga, na juu pembeni namba ilipanda kama kwa wenzake wote: mmoja kati ya wanane, wawili kati ya wanane.

Alikuwa akiharakisha, kwa sababu baba yake alikuwa anakuja kutoka Malambo kutibiwa goti. Mzee huyo ni mfugaji, na alishasema mbele ya ndugu kwamba mwanawe amepotelea mjini. Mume wangu, mtu mzima mwenye ndevu, alitaka jambo moja tu: baba yake aione kazi ile na asiione upuuzi.

Mzee akafika. Mume wangu akainamisha kichwa, baba yake akamgusa utosini, ndiyo salamu yao, chai ikanywewa, pazia likavutwa. Ng'ombe wa kwanza aliingia zizini, kisha wa pili, na mzee akasogeza kiti mbele. Alipoingia wa tatu, akaielekezea fimbo ile namba.

“Hiyo ni nini?”

“Ni hesabu, baba. Wameingia watatu.”

“Nani alikufundisha kuhesabu ng'ombe?”

Akainuka, akaenda kukaa nje. Mimi ni mtu wa Kilimanjaro, sikuelewa mpaka nilipoelezwa. Kwao Wamaasai ng'ombe hawahesabiwi. Kuwahesabu ni kuwaitia balaa. Mchungaji husimama langoni, akawatazama wakiingia, akajua nani hayupo.

“Nililijua hilo kabla sijajua kusoma,” mume wangu aliniambia. “Nimelisahau kwa sababu michezo yote ina namba.”

Niliumia kwa ajili yake, na kwa mara ya kwanza sikuwa na utani.

Mzee alibaki kwetu akisubiri siku yake ya kliniki, na siku zote hizo mume wangu hakuinua kichwa kwenye kompyuta. Aliifuta namba. Sasa kila ng'ombe ilibidi ajulikane, kwa hiyo akampa kila mmoja rangi yake, pembe zake na mlio wake. Lango akamwachia mchezaji alifunge mwenyewe akiridhika kwamba wote wamo. Nilijaribu mimi wa kwanza. Nikafunga kwa kujiamini, kisha nikasikia ng'ombe analia huko nje kwenye ukungu, na fisi akimjibu. Nikaenda kufungua pazia. Hakuna mchezo uliovuma ulionifanyia hivyo, nikamwambia waziwazi.

Asubuhi ya kuondoka kwake, mzee alikuwa kwenye kochi akisubiri gari, fimbo magotini. Mume wangu hakumwita atazame. Alikuwa akicheza peke yake, amempa mgongo. Ng'ombe wakaingia, akapeleka kidole kufunga lango.

“Acha,” mzee akasema. Waliongea Kimaasai, lakini nakijua cha kutosha. “Yule mwenye baka jeupe shingoni hajaingia.”

Mume wangu hakugeuka. “Yuko upande gani, baba?”

“Korongoni. Nimemsikia. Twende.”

Gari lilipiga honi nje, likapiga tena. Mzee hakuinuka.