Keki ya Sekunde Hamsini

Baba mkwe alikuja kukaa kwetu Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, wakati wa likizo ya Aprili, kwa sababu ya meno. Daktari wa meno mjini Busia alikuwa amesema yaliyosalia yote yang'olewe, ufizi upone, ndipo apimwe ya bandia. Mke wake alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, na kwake Chakol hapakuwa na mtu wa kumtazama. Mume wangu huendesha trela la mafuta hadi Juba na anaweza kukaa wiki tatu barabarani. Kwa hiyo nyumbani tulibaki watatu: mimi, binti yetu wa miaka kumi na mitatu, na mzee.

Mimi nilizaliwa Budalang'i na yeye ni Mteso, lakini katika mambo ya mkwe na mkamwana watu wetu hawapishani sana. Mkamwana hampi baba mkwe mkono. Hakai naye sebule moja wakaanza kupiga gumzo. Hali chakula mbele yake. Nilikuwa nimeolewa miaka kumi na minne na sidhani nilikuwa nimewahi kumtazama usoni kwa zaidi ya muda wa salamu. Alipokuja kwetu, binti ndiye aliyekuwa mjumbe. Nikiwa jikoni nilimsikia mzee akisema sebuleni, "Mwambie mama yako uji umetosha," na mtoto akaja hatua nne kuniambia uji umetosha, ingawa nilikuwa nimesikia kila neno.

Shida ilikuwa kwamba uji ulikuwa unatosha mapema mno. Siku za kwanza alikunywa. Nikampikia supu ya samaki, nikamponda ndizi, nikasaga viazi na maziwa. Wiki ya pili ilipoanza, mabakuli yalikuwa yanarudi nusu. Aliwahi kuwa mwalimu wa hesabu miaka mingi, mtu wa mwili mkubwa, na sasa mshipi wake ulikuwa na tundu jipya alilotoboa mwenyewe kwa msumari. Nilimpigia mume wangu simu nikamweleza. Akasema baba yake hajawahi kuchagua chakula, nimpe tu muda.

Maikrowevu tulikuwa nayo kwa bahati. Mwenzangu katika ofisi ya uwakala wa forodha ninakofanya kazi alihamishiwa Mombasa, akaniachia. Mimi niliitumia kupashia chai. Binti ndiye aliyeona kwenye simu yangu jinsi watu wanavyopika keki ya chokoleti ndani ya kikombe, akanisumbua hadi nikavuka upande wa Uganda kununua kakao. Muuzaji alinipimia katika mfuko wa nailoni, na kwa kuwa mifuko hiyo ni marufuku kwetu, nilisimama pale pale dukani nikamimina kakao katika kopo la majani ya chai kabla ya kurudi.

Kikombe cha kwanza kilitoka kama mpira. Ungeweza kukidundisha. Binti alikuwa ametia unga wa ngano, ule unaoumuka wenyewe, vijiko vinne, sukari, kakao, maziwa, mafuta kidogo, akaiacha dakika mbili kamili. Kikombe cha pili kilikuwa bado kinazunguka ndani stima ilipopotea. Hilo kwetu ni jambo la kila wiki. Akakitoa hivyo hivyo. Juu keki ilikuwa imeshikana, lakini kijiko kilipozama, katikati kulikuwa na uji mzito, mweusi, wenye moto, unaonata. Nilimwambia ni mbichi, amwage. Yeye akampelekea babu yake.

Nilikuwa naosha vyombo. Kutoka sebuleni nilisikia kijiko kikigonga kikombe, halafu kikikwangua. Kisha mzee akasema, "Mwambie mama yako, hii ndio chakula."

Basi likizo iliyosalia alipikiwa keki kila siku saa nne, na nyingine alasiri. Baada ya ile keki hata uji ukawa unashuka. Lakini shule zilipofunguliwa, mtoto alirudi bwenini, na nyumba ikabaki na watu wawili ambao hawakuwa na namna ya kuongea. Nilikuwa nikibisha mlango wa sebule, naweka chakula mezani, nasema "Karibu, baba," natoka. Nilipika keki kabla ya kwenda kazini nikaifunika kwa kisahani. Jioni niliikuta imemegwa pembeni, iliyobaki imekauka. Nilipunguza unga. Nikazidisha maziwa. Niliona haya kumpigia mwalimu wa bwenini eti naomba kuongea na mtoto kuhusu keki. Na mzee, kwa heshima yake, hangeweza kuniambia kwamba keki yangu hailiki.

Siku moja mtandao wa ofisi ulikwama, malori yakasimama, na mkubwa wetu akaturuhusu kwenda nyumbani kula mchana. Nilifungua mlango wa nyuma nikamkuta baba mkwe jikoni. Alikuwa amesimama mbele ya maikrowevu, miwani puani, akitazama saa ya mkononi. Kando yake kulikuwa na kijiko, kopo la kakao, na daftari la shule lililofunguliwa. Mlangoni kuku wa jirani walikuwa wanagombania kitu cheusi.

Nilirudi nyuma hatua moja. Sikujua kama niondoke au nijifanye sijaona. Yeye alizima mashine, akatoa kikombe, akazamisha kijiko, akakitazama.

"Hamsini na tano ni nyingi," akasema. "Kwa hamsini inalowa. Wewe huwa unaweka ngapi?"

Nikasema, "Dakika moja na nusu, baba."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mwalimu anayeona mwanafunzi amekosea jambo dogo. Kisha akasema, "Ingia, mama. Jiko ni lako. Mimi ndiye mgeni."

Niliingia. Alinionyesha daftari. Alikuwa ameandika vipimo vya vijiko na sekunde kwa siku tisa. Zilizoharibika alikuwa akiwapa kuku. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia nimpunguzie muda. Akasema mtu hawezi kumlalamikia mkamwana anayeamka saa kumi na moja kumpikia kabla ya kwenda kazini. Akapika kingine mbele yangu, akapima maziwa kwa macho yaliyosogezwa hadi kwenye kijiko, akahesabu sekunde kwa sauti ya chini. Kilitoka kama kile cha siku ya stima. Akakigawa mara mbili kwa visahani. Yeye alikula akiwa amesimama kando ya sinki, mimi nikakaa kwenye kigoda mlangoni, nusu ndani nusu nje, uso nimeuelekeza uani. Hiyo ndiyo heshima niliyoweza kuiokoa.

Ni wakati huo aliponiambia jambo ambalo sikuwa nimeliuliza. Alisema tangu mama mkwe afe, alikuwa akiishi kwa mkate na chai ya birika moja, asubuhi hadi usiku. Mama hakumruhusu jikoni maisha yake yote; akifika mlangoni aliulizwa anatafuta nini. Jirani mmoja alileta chakula kwa mwezi mmoja, kisha kila mtu akarudi kwenye shughuli zake.

"Nililala njaa," akasema, "na mahindi yako stoo, na kunde ziko shambani. Sikujua kuwasha makaa yashike. Miaka sabini na moja."

Sisi tulikuwa tunampigia simu kila Jumapili baada ya kanisa. Tulimwuliza amekula, akasema amekula. Nilikumbuka jinsi nilivyokuwa nikiuliza swali hilo huku nakunja nguo. Nilisema tu, "Kesho nitakuonyesha mayai, baba."

Na kesho yake nilimwonyesha mayai. Baadaye uji usio na madonge, wali, kunde za karanga. Makaa tulijifunzia uani, kwenye jiko langu la zamani, kwa sababu kwake hakuna gesi. Niliongea nikiwa mbali kidogo, yeye akafanya. Alikuwa mwanafunzi msumbufu. Alitaka kujua "chumvi kiasi" ni gramu ngapi. Mume wangu aliporudi kutoka Juba alimkuta baba yake amefunga leso kiunoni, anapepea jiko. Tulipobaki wawili chumbani akaniuliza, "Unamfundisha baba yangu kupika? Watu wa nyumbani watasemaje?" Nilimweleza habari ya mkate na chai. Alikaa kitandani, viatu vikiwa bado miguuni.

Meno ya bandia yalipatikana Julai. Mzee akarudi Chakol.

Agosti tulikwenda kumwona. Tulimkuta na dada yake mkubwa, shangazi wa mume wangu, mwanamke mwenye neno la mwisho katika ukoo ule. Alikuwa amekuja ghafla kumjulia hali. Chakula kiliwekwa mezani: atap, ule ugali wa wimbi na muhogo, pamoja na kunde zilizoungwa kwa karanga. Keki haikuwepo, alikuwa amejaribu mara mbili kwenye makaa, ikaungua chini na juu ikabaki maji. Shangazi alimega, akachovya, akala, akanitazama mimi na kusema kunde zimeiva vizuri, mkono wangu umeingia Utesoni.

Nilinyoosha mkono nimwongezee kunde.

"Si yeye," baba mkwe akasema. "Nimepika mimi."

Shangazi alisimamisha mkono hewani. Alimtazama mdogo wake, akatazama mlango wa jikoni, akamtazama tena. Halafu akachovya tonge lake kwenye kunde, akaendelea kula.