Aliisoma Karatasi ya Juji, Akaketi Ng'ambo ya Barabara

Nakumbuka asubuhi moja ya soko hapa Baraka, Asukulu alipoipokea karatasi ya juji, yule hakimu wa tribinali, kutoka mkononi mwangu, akaisoma yote, akaikunja vizuri na kunirudishia.

"Asante, mama Neema," akasema. "Nimesikia."

Kisha akavuka barabara, akaketi penye muuza petroli, akanitazama mpaka jua likawa utosini.

Riziki mwanangu, jana uliniuliza kama karatasi uliyopewa tribinali itakukinga na baba wa watoto wako. Nikainuka kuanika samaki, ukadhani nimekasirika. Hapana. Nilikuwa natafuta jibu, na hata sasa sina hakika kama nitalifikia. Ngoja nikueleze yaliyonipata mimi shangazi yako, kabla hujazaliwa.

Asukulu alikuwa mume wangu. Tuliishi Lulimba, akichimba dhahabu. Alikuwa mcheshi, watu walimpenda, na labda ndiyo maana aliponivunja mkono nilisema nimeanguka, na wote wakakubali. Siku aliponikaba mbele ya mtoto sikutafuta tena la kusema. Nilipanda lori na mwanangu Neema mgongoni, nikarudi hapa kwa baba yangu, babu yako, nikaanza kuuza ndagala sokoni, hawa samaki wadogo wa ziwani. Hakukawia kunifuata. Alitangaza kwamba ataondoka na mke wake, mzima au maiti.

Aliyenipeleka tribinali ni mama mukubwa Feza, dada ya mama yangu, mwanamke mfupi aliyeuza mawese na asiyejua kusema polepole. Juji alitusikiliza, akamwita Asukulu, akamkataza asinipige na asikanyage kwa baba. Nilitoka mle nikiwa mwepesi. Nilidhani yamekwisha.

Kumbe alikuwa amehamia ng'ambo ya barabara ya soko, pale kwa muuza petroli. Kila nikifika sokoni namkuta. Hanitukani, hanisogelei. Nilikosea kupima samaki, nikaanza kujiuliza kama ni mimi ninayerukwa na akili. Nikaenda polisi.

"Alikupiga?" komanda akaniuliza.

"Hapana. Iko anakaa tu, iko ananiangalia."

"Sasa tumufunge juu ya kukaa? Barabara ni ya bantu bote, mama." Akacheka, na wenzake wakacheka.

Mama mukubwa aliposikia, alinirudisha kwa juji siku ileile. Tukaona kwamba karatasi ilitaja nyumba tu. Soko halikuandikwa. Juji akaongeza soko, na njia ya kwendea soko, na Asukulu hakuonekana tena pale. Basi, nikasema, kumbe inafanya kazi.

Haukupita muda, mchana mmoja baba akiwa kwenye shamba la muhogo, Asukulu akaja nyumbani, akaupiga mlango teke ukaanguka. Nisaidie hapo, mwanangu, maana mimi sielewi mpaka leo. Soko aliliheshimu. Nyumba, iliyoandikwa tangu mwanzo, hakuiheshimu.

Nilimkumbatia Neema nikapiga kelele. Sikujua kwamba mama mukubwa alikuwa amepita kwa majirani wote kuwaambia juji amesema nini. Kwa hiyo hakuna aliyesema ni mambo ya mtu na mkewe. Bamama walijaa uani, wengine na michi ya kutwangia mkononi, wakamzunguka. Mmoja alikimbilia polisi. Komanda akaja, yuleyule aliyenicheka, akaitazama karatasi na mlango uliolala chini.

"Juji alikukataza," akamwambia. Wakamfunga.

Nikadhani tena yamekwisha. Wazee wa ukoo wake wakaja na mbuzi, wakaomba tufute mashtaka, tuyamalize nyumbani. Baba akaanza kulegea. "Ni baba ya mutoto," akasema. Mama mukubwa akainuka.

"Nyumbani wapi, shemeji? Ile nyumba yenye mulango iko chini? Mutoto wako akikufa, ile mbuzi itakuita baba?"

Baba akainamisha kichwa. Mimi pia, kwa sababu nilikuwa namhurumia Asukulu. Nilimwona akilia polisi. Nilimwogopa na kumhurumia kwa wakati mmoja, na sikujua nimsikilize nani ndani yangu. Lakini hatukufuta.

Alifungwa, akatoka, akarudi Lulimba. Miaka baadaye nilikutana naye Mboko, pale magari yanaposimama. Alinitazama, akageuza uso, akapanda pikipiki akaenda. Je, ni karatasi aliyoogopa? Ni kifungo? Ni ile michi? Au alizeeka tu? Sijui. Na mtaani kwetu alikuwapo dada mmoja, mpole sana, mwenye karatasi ya tribinali ileile na muhuri uleule. Mume wake alimuua, tukamzika. Karatasi aliificha kwenye sanduku la nguo kwa aibu, jirani yake hakujua. Ningependa kukuambia kwamba hiyo ndiyo sababu, lakini nani anajua? Labda hata tungejua sote, angekufa.

Kwa hiyo mwanangu, asiyekuwa na shaka juu ya jambo hili usimsikilize sana, awe anasema karatasi inatosha au anasema ni bure. Ishike. Bila ile, komanda angesema ni mambo ya nyumbani. Ila usilale juu yake ukadhani ni ukuta. Waambie majirani, waambie kanisani, walimu wa watoto wajue nani asiwachukue. Kama kuna mahali hapakuandikwa, rudi kwa juji, usione haya kurudi. Akikuita mwongee mara ya mwisho, usiende, hata akilia. Kumhurumia unaruhusiwa, ukiwa mbali. Na moyo ukikuambia uhame leo, njoo kwangu bila kusubiri avunje kitu.

Mungu akuzungushie watu wanaosikia ukiita. Akupe usingizi, watoto wako wakue wakicheka ndani ya nyumba yao, na mguu unaokuja kwako kwa ubaya upotee njia. Amina, mwanangu.