Mshipi Haumgusi Nelida

Saturnina ana kichwa kigumu, na hata mumewe husema hivyo akiwa na raha zake. Kwao Puno, juu kule milimani ambako baridi haina adabu, mtoto mchanga huviringwa kwa mshipi wa sufu toka mabegani hadi visiginoni, miguu imenyooshwa na kubanwa pamoja, ati akue na nguvu. Mfumaji wa mishipi hiyo ni Saturnina mwenyewe. Lakini mwanawe Nelida hakufungwa hata mmoja.

Nyonga ya mtoto ilikuwa imechomoka. Daktari wa mjini alimvisha mikanda laini ya kumkunja miguu na kuitanua kiasi, akaitia mikanda alama kwa kalamu, akaonya. Miguu ikinyooshwa, mfupa utachomoka tena. Ikitanuliwa kupita kiasi, mishipa midogo inayolisha kichwa cha mfupa wa paja itabanwa, damu haitafika, na mfupa utakufa.

"Mtoto gani anakaa kama chura?" alifoka Dionisia, mama mkwe. "Lete mshipi!"

"Sileti."

"Watu wanatucheka!"

"Wacheke mpaka mbavu ziwaume."

Hilario, mumewe, akajitia msuluhishi. Siku moja Saturnina alirudi kutoka kuchota maji akakuta mikanda imevutwa, magoti ya mtoto yamelazwa chini huku na huku, mtoto analia kwa uchungu.

"Nataka apone kabla ya sherehe za kanivali, watu waache kutucheka," alisema Hilario. "Si kutanua ndiyo dawa? Nimeongeza."

"Dawa ikizidi ni sumu, baba Nelida! Unamnyima damu!"

Aliilegeza mikanda hadi kwenye alama. Kilio kikapungua.

Dionisia akasogea, mshipi mkononi. "Nyote wawili hamjui kitu. Mimi mama yangu alinifunga, tena vizuri kabisa."

"Vizuri sana, mama. Ndiyo maana unachechemea tangu utotoni. Na dada yako. Na binti yako."

Ilimuuma kulisema, lakini hakulirudisha. Hilario akatazama chini.

"Kumbe mama yangu ndiye..." Dionisia aliuweka mshipi chini. Alikaa taratibu kando ya mjukuu, akagusa alama ya kalamu. "Isipite hapa?"

"Isipite hapo, mama."

"Basi nitalala naye mimi. Na wewe Hilario, uiguse tena uone. Nitakuvunja vidole."