Vidonge vya Kumbukumbu Nilivyokataa Kuvitolea Ushuhuda

"Mama, mbona unatema damu?"

Jirani yangu, fundi cherehani, ndiye aliyeniuliza. Tulikuwa bombani asubuhi, mimi na mswaki, yeye na ndoo.

Nikatazama chini. Povu jekundu.

"Fizi tu."

"Fizi gani hizo? Hata jana!"

Jana sikuikumbuka. Ndiyo shida yangu.

Mimi ni mjane wa miaka sabini na mmoja, nimesoma shule ya msingi tu, na tangu mwaka jana nasahau. Si sana. Nasahau sufuria jikoni, natafuta jina la mjukuu mpaka nalikamata. Daktari aliniambia ni upungufu mdogo wa kumbukumbu, si wazimu.

Lakini mkwe wangu, mke wa mwanangu, alikuwa na jibu lake. Vidonge vya majani, chupa ya kijani. Anawauzia wazee. Nilivimeza mwezi mzima, kwa maji na kwa sala.

Siku hiyo nikatia kila ninachomeza kwenye mfuko, mimi huyo hospitali.

Daktari akasoma maandishi ya ile chupa, akavua miwani.

"Bibi, dawa yako ya moyo inazuia damu kuganda. Na haya majani yanaweza kufanya vilevile. Vyote pamoja ni hatari. Acha hivi leo."

"Na kumbukumbu?"

"Sijaona aliyerudishiwa na chupa hii."

Nikaacha. Fizi zikatulia.

Mkwe wangu nilimwambia siku ileile, kabla sijafika kwangu. Akacheka.

"Mama, hao wanaogopa kukosa wagonjwa."

Wiki mbili baadaye akaniita kwake. Nilidhani ni maombi ya akina mama. Nafika, sebule imejaa wazee, viti vya kuazima, chupa za kijani zimepangwa mezani kama gwaride. Mama yake mzazi kaketi mbele kabisa.

"Huyu hapa mama mkwe wangu! Alikuwa hajui hata njia ya kwake. Leo kaja peke yake! Mama, simama ushuhudie."

Weee! Kilemba cha ukoka, mchana kweupe.

Nikasimama.

"Njia ya kwangu haijawahi kunipotea. Na vidonge hivi nimeviacha. Nameza dawa ya moyo, vikanitoa damu, daktari kanikataza."



Mkwe akatabasamu, akawageukia wageni. "Mtamsamehe. Anachanganya mambo, ndiyo ugonjwa wenyewe."

Hapo nikawaka.

"Subiri, mwanangu. Nikikumbuka, vidonge vyako vimefanya kazi. Nikisema usilolipenda, nimechanganyikiwa. Sasa mimi nitakuwa mzima saa ngapi?"

Mzee mmoja, dereva mstaafu, akapasuka kicheko. "Mjibu, binti! Hata mimi nasubiri!"

"Nasahau sufuria," nikasema, "Mungu sijamsahau. Sisimami mbele yake kusema uongo ili chupa zitoke."

Mkwe machozi yakamlengalenga. "Mnaniona tapeli? Tapeli angempa mama yake mzazi? Muulizeni! Anameza kila siku!"

Wote tukamgeukia mama yake. Naye alikuwa ananitazama mimi.

"Dada, hiyo dawa yako ya moyo, ndiyo ile ya kupimwa damu kila mara?"

"Ndiyo hiyo."

"Hata mimi natumia hiyo. Daktari alikukataza lini?"

"Wiki mbili sasa. Nilitoka hospitali nikapitia hapahapa kumwambia."

Akapandisha mkono wa gauni taratibu. Mabaka ya zambarau, kutoka kiwiko hadi kiganjani.

"Juzi nilikuuliza haya ni nini," akamwambia bintiye. "Ukasema ni uzee. Kumbe ulikuwa umeshaambiwa?"

"Mama, nilidhani..."



Wazee wenzangu mnaonisoma, unachokimeza kionyeshe kwa daktari, hata kama ni majani, hata kama kakupa mwanao wa kumzaa. Na kusahau kidogo hakumpi mtu ruhusa ya kukusemea. Kinywa ni chako, kifungue.

Yule mama alishusha mkono wa gauni, akachukua mkoba wake, akapita katikati ya viti hadi mlangoni, akatoka.