Imewaka, Imezima

Nyani haoni kundule, na mwendesha pikipiki haoni taa yake ya breki. Anaweza kuinunua, kuifunga, hata kujisifu nayo, lakini akikanyaga breki yeye yuko mbele na taa iko nyuma. Ndiyo maana gereji ya pikipiki lazima iwe na mtu wa kusimama nyuma. Katika gereji hii mtu huyo alikuwa mke wa fundi, na alikuwa amesimama hapo miaka thelathini na mmoja.

Wateja walimwita Mama Taa. Kazi hiyo hakuiomba. Ilikuwa wiki ya tatu ya ndoa, anafua nguo nyuma ya nyumba, fundi akamwita: "Mke wangu, hebu njoo mara moja." Mara moja hiyo, alipenda kusema, haijaisha mpaka leo. Alikwenda na povu mpaka kwenye viwiko, akasimama nyuma ya pikipiki ya mwalimu mmoja mkorofi. Fundi akakanyaga. "Imewaka?" "Imewaka." Akaachia. "Imezima?" "Imezima." Fundi akamtazama kana kwamba ni yeye aliyeitengeneza. Siku hizo alikuwa mwembamba, na alikuwa na aibu ya kumtazama mkewe mchana kweupe.

Watoto walizaliwa, kazi ikaendelea na mtoto mgongoni. Kifungua mimba wao alipoanza kusema, neno lake la kwanza halikuwa mama wala baba, lilikuwa "mewaka". Fundi alijigamba mtaa mzima. Mama Taa alinuna siku mbili, maana aliyebeba mimba miezi tisa ni yeye, siyo taa. Sasa watoto wote wana nyumba zao, na ndani ya nyumba hii maneno yamepungua. Kuna siku wawili hao hawakusemezana kitu kingine cha maana zaidi ya hayo mawili, imewaka na imezima, na yakawatosha.

Kwa hiyo macho yalipoanza kumtupa, hakumwambia mtu. Yalianza na ukungu mwepesi, kama dirisha la jikoni sufuria inapochemka. Mchana wa jua kali, taa ya breki ikawa doa tu, kisha hata doa likapotea. Akajifunza kusikiliza. Swichi ya breki ikikanyagwa hulia tik, ikiachiwa hulia tak. Tik, anasema imewaka. Tak, anasema imezima. Mara mbili alikosea, akasingizia jua. Alijiambia anamkinga mumewe na wasiwasi, lakini huo ulikuwa uongo mtupu. Alichoogopa ni kuondolewa nyuma ya pikipiki. Fundi angejua, angetundika kioo ukutani aione taa mwenyewe, na yeye angebaki jikoni kusubiri aitwe kula chakula alichokipika mwenyewe.

Hapo ndipo alipofika Daktari, mama wa makamo anayetibu mifugo, na lile pikipiki lake kubwa. Lilikuwa na kitufe kwenye usukani: ukikibonyeza uko barabarani, pikipiki inashika mwendo yenyewe, mkono wa gesi unapumzika.

"Kitufe kimegoma," alisema. "Na wewe fundi unajua mkono wangu. Tangu ng'ombe aniponde kiganja, nikishika gesi nusu saa vidole vinakufa ganzi. Kesho asubuhi naanza safari ya siku mbili, kuna ng'ombe wanasubiri chanjo. Halafu jana dereva wa lori kanipigia honi njia nzima, sijui nilimkosea nini!"

"Mwache, madereva wa malori ndivyo walivyo," fundi alijibu. "Kitufe hiki kina adabu zake. Kikiambiwa breki imekanyagwa, kinakaa kando. Huwezi kuomba mwendo huku unafunga breki. Kwa hiyo tunaanza na swichi za breki, ya mkono na ya mguu. Mama Taa!"

Alikuja, akasimama mahali pake. Fundi akawasha umeme, akabana breki ya mkono. Tik. "Imewaka." Tak. "Imezima." Akakanyaga ya mguu. Tik. "Imewaka." Tak. "Imezima."

"Breki hazina neno," fundi akasema, na kwa kuwa mkewe ndiye aliyesema, hakuzigusa tena.

Daktari aliondoka, ahadi ikawa kurudi saa kumi na moja. Fundi alipima fyuzi zote. Alifungua swichi ya klachi, akaisafisha. Aliukagua waya wa gesi, akafungua usukani mpaka kitufe chenyewe kikalala mkononi mwake, kizima kabisa, hakina kosa. Ilipofika saa tisa, nusu ya pikipiki ilikuwa juu ya gunia. Mama Taa alimletea chai, ikapoa. Alimsikia akizungumza peke yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata walipokuwa na shida za kweli.

Ili afanye na yeye kitu, alichukua kitambaa akaanza kufuta vumbi nyuma ya pikipiki. Kiganja chake kikatua juu ya kioo chekundu cha taa, akakitoa haraka. Kilikuwa cha moto. Umeme ulikuwa umewashwa muda mrefu, na hakuna aliyekanyaga breki. Akagusa tena, taratibu. Taa ilikuwa inawaka, na ilikuwa inawaka tangu asubuhi. Dereva wa lori hakuwa na ukorofi wowote, masikini. Alikuwa anasema kile ambacho Mama Taa alipaswa kukisema.

Angeweza kupita kando. Angeweza kusema, "Baba watoto, hebu itazame ile swichi ya mguu, moyo unanituma," na siri ikabaki salama. Maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni.

Lakini fundi aliweka bisibisi chini. "Daktari akija nitamwambia nimeshindwa," alisema. "Labda mimi nimezeeka, mke wangu. Labda tufunge tu."

"Hujazeeka," alisema. "Ni mimi. Taa haizimi. Ilikuwa inawaka muda wote, na mimi nilikwambia imezima. Sioni. Nasikiliza swichi tu."

Fundi alikuja nyuma, akaitazama taa, kisha akamtazama yeye.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana."

"Mwaka mzima! Unajigonga mlangoni, nasema mke wangu siku hizi ana haraka! Kwa nini hukuniambia?" Alikuwa amekasirika.

"Ungeweka kioo."

"Kioo?" Fundi aliketi juu ya sanduku la spana. "Kioo niongee nacho nini?"

Hapo Mama Taa akalia, na hakujificha. Fundi alimwacha alie, kisha akajifuta machozi yake mwenyewe kwa mkono wenye grisi, akabaki na mstari mweusi shavuni ambao mkewe hakuuona.

Swichi ya mguu aliifungua kwa dakika tano. Kidude cha nje kilikuwa kinacheza vizuri na kulia kama kawaida, lakini ndani chuma kilikuwa kimegandana na chuma, hakiachii. Akafunga nyingine mpya, akarudishia vyote alivyovifungua. Jioni Daktari angeijaribu pikipiki barabarani, angerudi akipunga mkono wa kulia hewani, mzima. Jumatatu wangekwenda kwa daktari wa macho, na fundi angemuuliza maswali mpaka achoke. Lakini kwanza swichi ilitakiwa kupimwa.

Mama Taa, kwa mazoea, akaelekea nyuma. Fundi akamshika kiwiko, akamleta mbele.

"Panda."

"Mimi?"

"Kwani kuna mwingine?"

Ujanani alipanda nyuma yake mara nyingi, lakini kiti cha mbele hajawahi kukikalia. Akapanda, anacheka huku machozi hayajakauka. Fundi akamshika mguu, akauweka penye breki. Kisha akazunguka, akasimama pale mkewe aliposimama miaka yote hiyo.

Mama Taa akakanyaga. Ikalia tik.

"Imewaka?" aliuliza.

"Imewaka."

Akaachia. "Imezima?"

"Imezima."

Kazi ilikuwa imekwisha hapo. Mama Taa alikaa kidogo, mikono juu ya usukani, kisha akakanyaga tena bila kuambiwa.

"Imewaka, mke wangu," sauti ilisema nyuma yake. "Imewaka."