Penseli ya Mtani Wangu

Kila niliporudi Kilosa, mtu wa kwanza kujua alikuwa mzee mmoja aliyestaafu ukarani wa mahakama ya mwanzo, Msagara wa hapahapa. Hakuuliza nilikuwa wapi. Alitazama mkoba wangu.

"Mpagazi, leo umebeba nini?"

"Shikamoo kwanza, mzee."

"Marahaba. Haya, tua mzigo."

Babu yangu alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge, kwa hiyo mimi na yule mzee tulikuwa watani. Adabu yetu iliishia kwenye salamu. Baada ya hapo ni kejeli tu.

Shule niliishia kidato cha nne. Tangu hapo sijakaa mahali. Nimefuata vitunguu Ulaya, kijiji cha hukuhuku Kilosa, nimefuata mbao, nimelinda maghala. Nilichookota njiani ni vitabu: sheria za ardhi, historia za misafara, sarufi za lugha ambazo sasa husemwa na wazee tu. Vingine vilikuwa vya mtumba, vyenye mihuri ya maktaba zisizokuwepo tena. Vingine vya zamani vilikuwa vimechapwa upya kwenye karatasi nyembamba, herufi zimefifia kama zimefuliwa. Sikuwa na nyumba ya kuviweka, hivyo vilikaa kwake, pamoja na vyake. Baada ya miaka tuliacha kuulizana kipi ni cha nani.

Alisoma akiwa na penseli. Kwenye kitabu cha misafara, penye picha ya wapagazi waliobeba pembe, aliandika pembeni: "Huyu wa nyuma ni babu yako. Miguu ileile." Niliporudi nikaandika chini yake: "Babu yako haonekani. Yuko kichakani, anaogopa kutoka." Safari iliyofuata nilikuta jibu. Ndivyo tulivyoishi. Nikiwa mbali, nimelala kwenye magunia, nilikuwa natunga la kumwandikia.

Habari ya kifo chake ilinikuta Mikumi, nikishusha mzigo. Nilifika Kilosa maiti ikiwa bado ndani.

"Mtani wake huyo amefika," wanawake walisema, kama watu waliopata nafuu.

Kazi ya mtani msibani ni kuwachekesha wafiwa. Anazuia jeneza, anamsimanga marehemu, anachukua kitu cha nyumba ile, na alichochukua hanyang'anywi. Nilijua nitachukua nini. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno: mtumwa wangu amekufa na vitabu vyangu, hatoki hapa mpaka nivipate.

Nikaenda moja kwa moja kwenye rafu, nikashika kitabu cha misafara. Watu wakasogea, tayari kucheka.

"Mtumwa wangu huyu," nilianza, na sauti ikakatika. Nikalia kama mtoto, kitabu kifuani.

Hakuna aliyecheka. Dada yake marehemu alikuja akakitoa kile kitabu mikononi mwangu, taratibu.

"Huko Unyamwezini hawakukufundisha?" aliniuliza. "Mtani akilia si mtani tena, ni mfiwa. Nenda kakae na wanawe, baba."

Nikakaa na wanawe. Nilibeba jeneza pamoja nao, na siku ya arobaini nikapewa koti lake, kama mtoto wa nyumba ile. Kuhusu vitabu, mwanawe mkubwa alisema visitawanyike, atavihifadhi yeye kwake Mikumi. Nisingeweza kumpinga. Yeye ndiye mrithi. Hata vile vitabu vya sheria vingesema hivyo.

Huko Mikumi mwanawe huyo ana duka kando ya barabara kuu, na sebuleni ametengeneza kabati la vioo. Nilipopita mwaka huu alinikaribisha vizuri, akaagiza chai. Ni kijana mstaarabu, aliyesomea shule za bweni mbali na huku.

"Naomba nikione kile cha misafara, mdogo wangu," nilimwambia. "Nataka kusoma maandishi ya baba."

Uso wake ukabadilika.

"Kumbe uliyaona, kaka. Mimi niliona aibu. Matusi matupu, mpaka mababu wa watu kawatukana. Na mengine yana mwandiko mwingine, mbaya zaidi. Sijui alikuwa nani."

"Ni mimi."

Alisimama. Kisha akafungua kabati, akanipa kitabu mwenyewe. Nilifunua kwenye ile picha. Wapagazi walikuwepo na pembe zao. Pembeni pao karatasi ilikuwa nyeupe, imechakaa kidogo pale ufutio ulipopita. Nilifunua mbele, nikafunua nyuma.

"Nimeyafuta yote," alisema. "Ilinichukua muda. Sikutaka mtu afungue amfikirie baba vibaya."

Nilijaribu kumweleza habari za utani. Alisikiliza kwa makini, akiitikia kwa kichwa, na nilipomaliza akaweka kikombe chini.

"Hata hivyo, kaka, kama alikukosea, naomba radhi kwa niaba yake."

Mtani haombwi radhi. Nilimtazama, ana paji la uso la baba yake, na alikuwa ameyasema kwa moyo safi.

"Yameisha, mdogo wangu," nikamjibu. Nikamrudishia kitabu, nikatoka kwenda kusubiri basi la Iringa.