Ahmada wa Shaba na Karafuu

Watu wa Guangzhou wanamkumbuka Ahmada kwa moshi, na hilo linaniudhi. Mtu amekaa mji huu karibu miaka mitatu, amefunga mizigo ya nusu ya Kariakoo, halafu anatajwa kama yule Mpemba aliyewasha moto juu ya ghorofa. Mimi Muzdalifa nilikaa mlango wa pili kutoka kwake, basi nitamweleza mimi.

Alikuja mwaka 2005 na mtaji wa jinzi. Alizinunua soko la nguo la Zhanqian kwa pupa ya mgeni, akazituma, na zilipofika Chake Chake hazikumtosha mtu: zilishonwa kwa viuno vya Kichina. Pemba nzima ilimcheka. Mtaji ukaisha, kurudi mikono mitupu akaona haya, akabaki kufunga marobota ya wafanyabiashara wengine, mimi nikiwa mmoja wao. Nikitoka soko la Zhongda na vitambaa vyangu, namkabidhi yeye. Robota la Ahmada halikupasuka hata bandarini Dar, ambako kila kitu hupasuka.

Akifunga alikuwa akiimba kibati. Hiyo ni ngoma ya kwao Pemba: watu wanajibizana kwa kasi, papo kwa papo, ngoma ikiwakimbiza, na anayekwama huchekwa mpaka kesho. Baba yake, marehemu, alikuwa bingwa. Siku moja Ghislain, kijana wa Lubumbashi aliyekuwa akirap kwa Kifaransa na Kiswahili chao, alisimama mlangoni pa stoo akasikiliza weee, kisha akamtupia:

"Mpemba kaja Uchina, kafuata kitu gani?"

Ahmada hakuinua hata kichwa:

"Nimeifuata jinzi, nikapata kikohozi!"

Stoo nzima ilicheka, na kundi likazaliwa hapohapo. Walijiita Shaba na Karafuu: shaba ya Katanga, karafuu ya Pemba. Mimi nilikuwa mwitikiaji, kwa sababu ya sauti yangu, si kwa sababu nilitaka.

Aliyewatia wazimu kabisa ni Mkolombia mmoja mweusi, mnunuzi wa viatu, aliyemwachia Ahmada sidii ya kundi la kwao. Vijana weusi wa pwani ya Kolombia, wanarap juu ya ngoma na marimba za bibi zao. Kihispania hatukukijua hata cha kuombea maji. Ahmada aliisikiliza mpaka akajua wanapovuta pumzi.

"Da Muzda," akaniambia, "hawa wazee wao walivushwa bahari kwa minyororo, na ngoma haikuwapotea. Mie nimekuja kwa ndege, na pasi yangu mkononi. N'taipotezaje mie?"

Tangu siku hiyo alitaka jambo moja tu: kibati cha baba yake kisikike mbele za watu, kwa ngoma ya ngozi, katika mji huu unaouza kila kitu cha plastiki. Alitafuta pipa la mbao la kuwekea mchele, akanunua ngozi ya mbuzi kwa mchinjaji Mwislamu karibu na msikiti, akawamba ngoma mwenyewe. Nafasi ilikuja mwaka 2008. Mama Françoise, mfanyabiashara wa Kikongo ambaye akikualika umealikwa na Wakongo wote, alikodi ukumbi wa hoteli kwa sherehe ya Pasaka akawataka Shaba na Karafuu.

Ghislain alitaka waende na mdundo wa kompyuta.

"Mon frère, mashini iko pale. Unafinya tu, inalia. Juu ya nini unajitesa?"

"Mashine haijibu," akasema Ahmada. "Watu hawatacheza. Nakwambia hawatacheza."

Wakagombana, wakapatana, wakagombana tena. Ahmada akashinda, maana Mpemba akishikilia neno lake hata wewe mwenyewe unaona aibu kuendelea.

Sasa, Guangzhou mwezi wa tatu ni balaa. Kuta zinatoka jasho, nguo hazikauki, mkate unaota ukungu ukiutazama. Ngozi ya Ahmada ikalegea. Ukiipiga inatoa sauti ya godoro. Na dawa ya ngoma iliyolegea kila mtu wa kwetu anaijua: ipashe moto, ngozi ivutike. Unawasha majani makavu, unaizungusha ngoma, unagonga, unasikiliza. Nyumbani hakuna anayekuuliza. Wanasogea tu, wanajua shughuli inakaribia.

Viza yake ilikuwa imekwisha zamani. Mwaka ule Olimpiki ilikuwa inakuja, kuongezewa viza ikawa ndoto, na wengi tuliowajua walikuwa wakitembea kwa kunyata. Nilimkataza.

"Ahmada, usitoke nje ukajionyesha."

"Juu ya paa si nje, da Muzda."

Mbishi! Akapanda na karai, maboksi yaliyochanika na ngoma yake. Nikapanda nyuma yake nikiwa nagomba. Maboksi yalikuwa na unyevu kama kila kitu, yakatoa moshi mzito mweupe uliotambaa katikati ya nguo za majirani zilizoanikwa. Ahmada alikuwa akigonga na kusikiliza, akigonga na kusikiliza. Ngozi ilianza kulia vizuri, nakiri, ililia kama ya kwetu. Akanitazama kwa furaha, na hapo ndipo tuliposikia king'ora.

Zimamoto walikuja kwanza, watu wa adabu, wakamwaga maji kwenye karai. Nyuma yao wakaja polisi na neno lao moja, ambalo sote tulilijua kabla hatujajua kusalimia: "Huzhao." Pasipoti. Mimi nilitoa yangu. Ahmada aliweka ngoma chini, taratibu, akakunja mikono.

Nilimfuata mpaka kituoni. Kichina changu ni cha sokoni: ghali mno, punguza, sitaki, naondoka. Kwa maneno hayo utamtetea mtu vipi? Lakini sikuwa na mengine. Nikamshika polisi mkono nikamwambia, "Laoban, pianyi yidian", yaani bosi, punguza kidogo. Akacheka. Hakuwa mtu mbaya, alicheka kama mtu yeyote angecheka. Nikarudia, nikarudia, mpaka akaacha kucheka akanifungulia mlango nitoke. Sijawahi kujiona mdogo vile.

Walimzuia, kisha wakamrudisha kwao. Tulimnunulia tiketi, na hicho ndicho kitu pekee tulichoweza. Uwanja wa ndege wa Baiyun nilimwona kwa mbali kati ya polisi wawili, amevaa soksi mguu mmoja tu. Sikuruhusiwa kusogea. Nililia mbele za watu, na sijali.

Jumatatu ya Pasaka, siku yenyewe ya sherehe, Ghislain alikuja kuniita. Kwao dada mkubwa ni yaya.

"Yaya Muzda, tufanye nini? Mama Françoise alishalipia ukumbi."

Tukaenda na kompyuta. Swali lilikuwa la Ghislain, na jibu la Ahmada, Ghislain alikuwa amelirekodi kwa simu siku za mazoezi, akalibandika kwenye mdundo.

Walipoanza tu, kabla zamu yangu ya kuitikia haijafika, simu yangu ikalia. Ilikuwa namba ya Pemba. Nikatoka mpaka ubarazani, nimeziba sikio moja.

"Da Muzda, wameanza?"

"Wameanza."

"Anayepiga ngoma nani?"

"Hakuna, Ahmada. Kompyuta."

Nyuma yake niliwasikia kuku. Nyuma yangu mlango ulifunguka na kelele zikamwagika nje: vigelegele, viatu, Mama Françoise akipiga mayowe ya raha, na sauti ya Ahmada mwenyewe ikijibu vilevile, kwa namna ileile, kila Ghislain alipoifinya mashine.

"Enhe," akasema. "Hawachezi, sivyo?"

Ningeweza kuufunga ule mlango. Lakini alikuwa ameshasikia, na yeye hakuwa mtu wa kudanganywa juu ya ngoma.

"Wanacheza, Ahmada," nikasema. "Wanacheza wote."